UZI: Kanisa ambalo mwenye ulemavu anaingia, anaabudu na anahudumu – vipimo, vifaa na makosa ya kurekebisha

#1 Mwashi wa Ukonga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Kamati za ujenzi zina swali lao moja: "Rampu tuiweke wapi?" Swali hilo huulizwa mwishoni, ngazi zikiwa zimeshamwagwa zege na hela imeisha. Anzeni na hili: mtu wa kiti mwendo akishushwa na bajaji getini, anafika wapi kabla hajahitaji kubebwa? Chukueni futi ya fundi mpite njia yake yote. Getini, uwanjani, mlangoni, mahali pa kukaa, mbele kwenye Meza ya Bwana, chooni, ofisini kwa mchungaji, kisha kurudi alikotoka. Njia ikikatika mahali pamoja, hela iliyokwenda kwingine kote imepotea. Rampu nzuri inayoishia kwenye mlango wa sm 65 haimsaidii mtu yeyote.

Sasa rampu yenyewe. Pima kimo kutoka ardhini hadi sakafu ya kanisa, zidisha mara 12. Huo ndio urefu wa chini kabisa. Ngazi 3 za sm 15 ni kimo cha sm 45, kwa hiyo rampu ni mita 5.4. Ngazi 5 ni sm 75, rampu mita 9. Kimo kikizidi sm 75, katikati weka sehemu tambarare ya mita 1.5 ili mtu apumzishe mikono. Kila inapopinda, na pale juu mlangoni, acha tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5, maana bila hapo hawezi kuuvuta mlango huku kiti kikitaka kurudi nyuma.

Mafundi wengi wanajenga mara 5 au 6 ya kimo kwa sababu "eneo dogo". Kwenye mteremko huo anayejisukuma kwa mikono hapandi; magurudumu madogo ya mbele yanainuka na kiti kinabinukia kisogoni. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu viganja vinaungua kwa kuzuia pete ya gurudumu.

Upana ni mita 1.2. Kama waumini wenu wanatumia baiskeli za matairi matatu za kuendesha kwa mkono, kwenye kona acheni mita 2, kwa kuwa baiskeli hizo ni ndefu na hazipindi palepale kama kiti mwendo. Kingo za pembeni ziinuke sm 10 kuzuia gurudumu au ncha ya gongo isichomoke. Reli za kushikia ziwe pande zote mbili, kimo cha sm 90, na ya pili sm 70 kwa watoto na wafupi, na zivuke mwisho wa rampu kwa sm 30. Bomba liwe la duara, la kiganja kuzunguka. Wapo watu wenye mkono mmoja wenye nguvu: akipanda anaushika upande huu, akishuka anauhitaji upande wa pili. Ndiyo maana reli moja haitoshi.

Kwa rampu ya mita 5.4 kwa 1.2, mbali na tambarare ya juu, andaeni tofali za bloku inchi 6 kama 80 (kozi mbili chini ya ardhi na kuta mbili za pembeni), saruji mifuko kama 10 (5 ya zege la juu la sm 10, iliyobaki ya msingi, kujengea na lipu), wavu wa BRC (wavu wa chuma wa kuimarisha zege), na kifusi zaidi kidogo ya mita 1 ya ujazo. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sm 15 na kumwagiwa maji. Kikitupwa chote mara moja kitashuka mvua za masika, zege litapasuka katikati, na ufa huo ndio utakaonasa magurudumu ya mbele. Zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Likiwa bado bichi pitisha fagio gumu kukata njia, yaani kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili, kisha mwagilia siku 7. Tailizi za kung'aa msiweke. Zikilowa, mwenye magongo hana pa kusimama.

#2 Katibu wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Asante sana fundi kwa uzi. Sisi mbele ya mlango mkuu tuna mita 2.5 tu halafu ni barabara. Hiyo mita 5.4 tutaitoa wapi? Kwa sasa vijana wa Utume wa Vijana ndio wanaobeba watu.

#3 Mwashi wa Ukonga

Milele amina. Msiielekeze barabarani. Ilazeni kando ya ukuta wa kanisa. Tambarare ya mita 1.5 mbele ya mlango, halafu rampu inatambaa sambamba na ukuta mita 5.4 kwenda kulia au kushoto. Mnatumia mita 1.5 ya zile 2.5 na inabaki nafasi ya watu kupita. Angalieni madirisha yanayofungukia nje: bawa la dirisha kwenye kimo cha uso litamjeruhi asiyeona. Mabomba ya maji ya mvua nayo yasimwagie kwenye rampu.

Kama mlango wa ubavuni una kimo kidogo, utumieni, lakini kwa sharti kwamba uwe wazi kila ibada, uwe na mhudumu wake, na waumini wengine nao wapite hapo. Mlango unaofunguliwa mpaka mtu atafutwe mwenye ufunguo bado ni mlango uliofungwa. Njia inayopitia jikoni au stoo ya viti nayo hapana.

Rampu ya mbao ya kuhamisha inafaa kimo cha sm 15 hadi 20 tu. Kwa sm 15 bado ni mita 1.8 ya ubao. Ifungwe kwa ndoano juu isiteleze, na uso wake upigwe rangi iliyochanganywa na mchanga.

#4 Fiziotherapia Kanda ya Ziwa

Nichangie hapo kwenye kubeba, maana katika wiki zote kabla rampu haijakamilika watu bado watabebwa, na wengi wanabeba vibaya.

Kwanza mwulize mwenyewe anataka kubebwaje. Anakijua kiti chake. Msishike sehemu za kuegemeza mikono wala za kuwekea miguu. Kwenye viti vingi zinachomoka, na mtu anaanguka mkiwa mmebaki na chuma mkononi. Shikeni fremu isiyochomoka. Kupanda ngazi: kiti kinageuzwa, mgongo unatangulia. Mwenye nguvu zaidi anakaa nyuma, ngazi ya juu, akikiinamisha kiti kwake na kukivuta juu ya magurudumu makubwa. Wawili wako chini wakishika fremu ya mbele. Ngazi moja, mnapumua, ngazi nyingine. Kushuka, mtu anatazama mbele, kiti kimeinamishwa nyuma, mpangilio wa watu ni uleule. Mmoja tu ndiye anayehesabu.

Kubeba kusiwe mpango wa kudumu. Kiti na mtu mzima ndani yake mara nyingi kinapita kilo 90, na migongo ya hao vijana itadai. Kubwa kuliko hilo, anayebebwa hawezi kuamua kutoka anapojisikia vibaya au anapotaka kwenda chooni. Wengine hawanywi maji tangu Jumamosi jioni kwa ajili ya ibada ya Jumapili. Kwa mwenye jeraha la uti wa mgongo, kubana kiu hivyo ni kukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo.

#5 Mwashi wa Ukonga

Hapo kwenye choo umenena, tukimalize.

Chumba mita 1.8 kwa 2.2 kinatosha kuingia na kugeuka. Mlango uwe na uwazi wa sm 90 na UFUNGUKIE NJE. Ukifungukia ndani na mtu akaanguka, mwili wake ndio utakaouzuia mlango na hakuna atakayemfikia. Kitasa kiwe cha kufunguka kwa nje kwa sarafu. Kiti cha choo kimo cha sm 45 hadi 48, sawa na kiti mwendo, kwa kuwa wengi wanajihamisha kwa kuteleza ubavu. Upande mmoja wa choo uachwe wazi sm 90, upande wa pili ukuta uwe sm 45 kutoka katikati ya kiti. Reli ya ukutani sm 70 hadi 75 kutoka sakafuni, bomba la inchi moja na robo.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiyo reli. Fundi anatoboa tofali lenye uwazi ndani, anasukuma plagi ya plastiki na skrubu, reli inaonekana imara. Mtu mzima akiivuta kwa uzito wote mara tatu, inang'oka na plagi zake. Wakati wa kujenga, jazeni zege kwenye matofali ya eneo la reli, au mtoboe ukuta mpaka upande wa pili na kufunga kwa bolti na kipande cha bati nene. Kabla ya kukabidhi, mtu wa kilo 80 aining'inie.

Kama choo ni cha kuchuchumaa, jengeni kiti cha tofali na zege juu ya tundu kwenye chumba kimoja, au tengenezeni kiti cha chuma chenye tundu, miguu yake ifungwe sakafuni. Na chumba hicho kisigeuzwe stoo ya mafagio na ndoo za usafi. Hilo nimelitaja kwa sababu ndilo linalotokea.

#6 Mkalimani LAT

Naomba tusiishie kwenye zege. Kiziwi anapanda ngazi zote saba bila shida, anakaa saa tatu na hajapata neno hata moja.

Makanisa ya nchi hii yana historia hapa. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza 1950 chini ya Kanisa la Anglikana, na shule ya viziwi Tabora ilianza 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Watoto wamesomeshwa na kanisa, halafu wakihitimu wanakuta parokia na sharika ambazo hakuna anayewasalimia kwa lugha yao, Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT). Hili linaumiza.

Mkalimani anatakiwa asimame wapi? Jirani na mhubiri, ili kiziwi awaone wote wawili kwa jicho moja. Akiwekwa pembeni kabisa, kiziwi anachagua: amtazame mkalimani au aone kinachotendeka madhabahuni. Mwanga uje kutoka mbele yake. Dirisha likiwa nyuma yake mikono inageuka kivuli cheusi, na saa 4 asubuhi jua la mashariki linafanya hivyo hasa, kwa hiyo pazia zito ni kifaa cha ukalimani. Nguo iwe ya rangi moja, tofauti na ngozi ya mikono; kitenge cha maua mengi kinameza alama. Viziwi wakae mita 2 hadi 4 kutoka kwake, mbele, pasiwepo watu wanaopita katikati.

Wakalimani wawe wawili wakipokezana kila dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo si mikono tu inayochoka, akili inaanza kuacha maneno, na msikilizaji hajui nini kimeachwa. Wapeni masomo, nyimbo na dondoo za mahubiri angalau siku 2 kabla. Pambio fupi ni rahisi, lakini wimbo wa vitabuni wenye Kiswahili cha zamani unahitaji kuufasiri maana kwanza. "Neema", "kuhesabiwa haki", "Roho" – kaeni na viziwi wenyewe mkubaliane alama. Zisibuniwe na kamati ya wanaosikia.

Mambo mawili yanasahaulika. Mchungaji akisema "tufumbe macho tuombe", kiziwi akifumba ameshatoka kwenye maombi, hivyo wahudumu wasimwone kama mtovu wa heshima. Mkesha wa Pasaka na wa mwaka mpya, taa zikizimwa na kubaki mishumaa, mkalimani achiwe taa yake ndogo inayomulika kifua na uso.

Mkirusha ibada mtandaoni, mkalimani achukue walau robo ya skrini. Kile kidirisha kidogo cha kona hakisomeki kwenye simu.

Na alipwe. Anaweza kuamua kutoa kama sadaka, lakini hiyo ni ridhaa yake yeye.

#7 Katibu wa Kigango

Mkalimani hatuna kabisa huku. Tuandike kwenye projekta tu?

#8 Mkalimani LAT

Maandishi yanasaidia, hasa waliopoteza usikivu ukubwani. Ila kiziwi aliyezaliwa hivyo, Kiswahili ni lugha yake ya pili; sentensi ndefu ya mahubiri inaweza isimfikie. Anzeni na kozi ya LAT kwa watu 8 hadi 10 hapo kigangoni, mwalimu awe kiziwi mwenyewe. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuulizia mwalimu. Ndani ya miezi 3 ya masomo ya kila wiki mtakuwa na watu wa kusalimia, kuuliza hali, kuelekeza. Hao bado si wakalimani, msiwapandishe mbele kufasiri mahubiri. Watafasiri nusu, na nusu hiyo ndiyo itakayoaminiwa kuwa injili yote.

#9 Pwani254

Salamu kutoka Kilifi. Kwetu Kenya tunaita lugha ya ishara, na Katiba ya 2010 ibara ya 54 inataja wazi haki ya kufika mahali pote na ya kutumia lugha ya ishara na Breli. Tanzania mna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Nazitaja kwa sababu wazee wa kanisa wakisema "hii ni hisani", kamati iwe na cha kuwajibu.

Swali langu: wasioona wanasaidiwaje hasa? Wengi wanadhani ni kununua Biblia ya Breli na kazi imekwisha.

#10 Nukta Sita

Biblia nzima kwa nukta nundu (Breli) si kitabu cha kubeba kwapani. Ni majuzuu yanayojaza kabati. Kwa hiyo ni ya kuwekwa kanisani au nyumbani, na yawekwe wima. Ukilaza kumi juu ya jingine nukta za chini zinabonyea, na nukta iliyobonyea ni herufi iliyofutika.

Cha kila Jumapili ni karatasi moja au mbili. Masomo ya siku na nyimbo zake. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida unazaa kama kurasa 3 za nukta nundu, karatasi iwe nene, gramu 120 kwenda juu. Mtu mwenye mashine ya Perkins ya kuchapa nukta nundu, au hata sleti na stailasi za kuzitoboa kwa mkono, anaandika masomo mawili kwa jioni moja, akipata orodha Ijumaa. Hapo ndipo msomaji asiyeona anaposimama mbele na kusoma Waraka kama msomaji mwingine yeyote.

Wasiosoma nukta nundu wengi wana simu. Tumeni ratiba ya ibada, matangazo na maneno ya nyimbo kwenye kundi la WhatsApp tangu Jumamosi, kama MAANDISHI. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa kamera, au PDF iliyoskaniwa, kwa TalkBack (programu ya simu inayosoma skrini kwa sauti) mara nyingi ni ukurasa mtupu. Na katika mipangilio ya simu wekeni sauti ya Kiswahili, bila hivyo itasoma "neema" kwa matamshi ya Kiingereza na hakuna kitakachoeleweka.

Wenye uoni hafifu: nakala chache za herufi kubwa, ukubwa wa 18 au zaidi, wino mweusi, karatasi isiyong'aa, hakuna herufi za mlazo. Kwenye projekta msizidishe mistari 6, na msiweke picha ya mawingu nyuma ya maneno. Kila ukingo wa ngazi upigwe mstari wa sm 5 wa rangi inayopingana na sakafu. Ngazi za tailizi nyeupe kwenye madhabahu ya tailizi nyeupe, kwa uoni hafifu, ni uwanja mmoja tambarare, mpaka mguu ukose pa kukanyaga.

Fimbo nyeupe inasoma chini, haisomi hewani. Spika iliyotundikwa, bango, tawi la mwembe uwanjani: chochote kilicho chini ya mita 2 kitampiga usoni.

Wahudumu wa mlangoni: jitambulishe kwa jina, mwulize kama anataka kuongozwa, mpe kiwiko chako akishike na utangulie nusu hatua. Usimsukume mgongoni, usimvute fimbo. Ukifika kitini weka mkono wake kwenye mgongo wa benchi, atamalizia mwenyewe. Na unapoondoka mwambie unaondoka.

Bahasha za ahadi zote zinafanana kwa vidole. Kateni pembe moja ya bahasha ya jengo, pembe mbili ya shukrani, ya fungu la kumi iachwe nzima. Mkasi mmoja, na mtu anatoa sadaka yake bila kumwonyesha jirani.

#11 Sauti na Nyaya

Upande wa mitambo. Wazee wanapolalamika hawasikii, fundi anaongeza sauti, nao wanazidi kutosikia. Kwenye kanisa la bati, kuta za lipu na sakafu ya tailizi, adui ni mwangwi. Silabi ya kwanza bado inazunguka na ya tatu imeshafika. Shime sikio (kifaa cha kusaidia kusikia) linakuza vyote pamoja, neno na mwangwi wake, na feni juu.

Punguzeni besi kwenye maikrofoni ya mhubiri. Badala ya spika mbili kubwa mbele zinazopiga ukuta wa nyuma, tumieni ndogo nne hadi sita kwenye kuta za ubavuni, zikielekezwa kwenye masikio ya watu na si kwenye bati, kila moja kwa sauti ndogo. Silingi bodi inasaidia mara mbili, kwenye mwangwi na kwenye kelele ya mvua. Mapazia mazito ukuta wa nyuma nayo yanafaa. Zulia nene njiani msiweke, linamlemea mwenye kiti mwendo na kuinasa ncha ya gongo.

Kuna mfumo wa waya wa kitanzi: waya unazungushwa ukumbini, unaunganishwa na amplifaya yake maalumu, na mwenye shime sikio anageuza swichi kwenda T, anamsikia mhubiri moja kwa moja sikioni. Ni mzuri mno, ila kabla ya kununua waulizeni wenye mashime sikio kama ya kwao yana hiyo T, kwa sababu yale ya bei ya chini mengi hayana. Nondo za sakafuni zinapunguza nguvu yake, na gitaa la umeme likikaa karibu na waya litavuma. Upimwe na mvaaji mwenyewe akikaa viti tofauti.

Mhubiri asiufunike mdomo kwa maikrofoni; wapo wanaosoma midomo. Na taa za kumetameta za wakati wa sifa ziondolewe. Zikimeta zaidi ya mara 3 kwa sekunde zinaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu.

#12 Muuguzi na Mzee wa Kanisa

Nadakia hapo kwenye kifafa, maana makanisani ndipo panapotendeka mabaya kwa nia njema.

Mtu akianguka na kutetemeka wakati wa maombi, si wakati wa kumzunguka na kukemea. Tazama saa. Ondoa benchi na vitu vigumu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza tai au kola. Usimshikilie kwa nguvu, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Mtetemeko ukiisha mlaze ubavu. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, ni hospitali papo hapo. Na kamwe asiambiwe aache dawa kwa sababu ameombewa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo linaua.

Kuombea wenye ulemavu: uliza kwanza. Mtu alikuja kuabudu, pengine alikuja kumshukuru Mungu kwa ajira mpya, unamwekea mikono kichwani kwa ajili ya miguu ambayo hakuitaja. Asipoinuka, inageuka kuwa imani yake ndogo au dhambi ya mama yake. Wanafunzi waliuliza hivyohivyo katika Yohana 9, nani alitenda dhambi, na wakajibiwa kuwa si yeye wala wazazi wake. Kiti mwendo cha mtu kisiguswe wala kusogezwa bila ruhusa, ni sehemu ya mwili wake.

Msimwite mtu mbele kumkabidhi kiti mwendo huku kamera zikipigwa. Mpelekeeni nyumbani, tena baada ya kupimwa upana wa nyonga. Kiti kipana mno kinapinda mgongo, na bila mto wa kukalia kinaleta vidonda.

Wenye ualbino: kofia ibaki kichwani hata kama desturi yenu ni wanaume kuvua, ikiwa jua linawafikia. Viti vya mbele lakini mbali na dirisha. Kwenye mikutano ya injili ya uwanjani watengewe turubai kabla ya wageni rasmi.

Mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo akipiga kelele, mama asitazamwe. Tengeni chumba kidogo chenye dirisha la kuona madhabahu na spika ya sauti ndogo, awe na uhuru wa kutoka na kurudi. Chumba hicho kiwe hiari yake. Akitaka kubaki ndani na mwanawe, abaki.

#13 Katekista Mstaafu

Kwa waamini wenzangu wa Katoliki, mambo ya sakramenti ambayo mengi yanaruhusiwa tayari na watu hawajui.

Asiyeweza kumeza hostia anaweza kupokea Ekaristi kwa umbo la divai peke yake, kanuni ya 925 ya Sheria ya Kanisa. Mfungo wa saa moja hauwafungi wagonjwa, wazee na wanaowahudumia, kanuni ya 919. Mwenye kisukari au anayemeza dawa asijitese. Kiziwi anaweza kuungama kupitia mkalimani, kanuni ya 990, na mkalimani naye anafungwa na siri, 983. Akitaka kuungama kwa kuandika, padre airudishe karatasi mkononi mwake palepale.

Komunyo imfuate mtu alipo kama foleni ni shida, na asiwe wa mwisho kila wiki. Sadaka vilevile: huku kwetu watu wanapanga mstari kwenda mbele, basi kapu moja lipite kwao.

Jumuiya ndogondogo zisisahaulike. Zamu ya nyumba ikiangukia kwenye kilima chenye ngazi za mawe, mtu anakosa mwezi mzima. Pangeni ratiba kwa kuanza na nyumba anazoweza kufika, na kama hali yake inaruhusu, kwake.

#14 Pwani254

Na mahali pa kukaa? Naona kila kanisa linawaweka mstari wa mbele kabisa, wote pamoja.

#15 Mwashi wa Ukonga

Na wanaachana na familia zao. Dawa yake ni msumeno. Chagueni mabenchi mawili au matatu, moja mbele, moja katikati, moja nyuma, mkate sm 90 upande wa njia na kuhamishia mguu wa benchi ndani. Kiti mwendo kinaingia pale, kinachukua sm 90 kwa 130, mume kando ya mke, watoto kando yao, na njia inabaki wazi. Njia kuu iwe mita 1.2.

Halafu madhabahu. Ngazi mbili za sm 15 zinahitaji rampu ya mita 3.6 na mara nyingi nafasi haipo. Basi shusheni mimbari ya wasomaji chini, kwenye sakafu ya waumini, kwa wasomaji WOTE. Iwe ya kupanda na kushuka, chini yake wazi kwa sm 70 magoti yaingie, na shingo ya maikrofoni iwe ya kupinda. Mwenye kiti mwendo anayeingia vizuri lakini hawezi kusoma somo, kuimba kwaya wala kukaa kikao cha baraza kwa sababu ukumbi uko ghorofani, bado ameachwa nusu ya njia.

#16 Katibu wa Kigango

Asanteni sana wote. Nimepima leo baada ya Misa. Kimo cha mlango mkuu ni sm 48, mlango bawa moja likifunguka ni sm 74, mabawa yote mawili mita 1.48. Ukuta wa kulia una urefu wa mita 9 hadi kona, na dirisha moja linafungukia nje. Kizingiti cha mlango kimeinuka sm 4.

#17 Mwashi wa Ukonga

Sm 48 mara 12 ni mita 5.76. Jengeni mita 6, ukuta unaruhusu, tambarare ya mlangoni mita 1.5, inabaki mita 1.5 chini kabla ya kona, panatosha kugeuka. Mabawa yote mawili yawe wazi kila ibada, yafungwe kwa ndoano ukutani yasipeperuke. Kizingiti chongeni mpaka kisizidi sm 1, maana kwa sm 4 kiti kinasimama ghafla na mtu anatupwa mbele. Dirisha ligeuzeni liwe la kuteleza, au liwekewe bawaba lifungukie ndani.

Kabla ya kuagiza hata tofali moja, vutieni kamba, mchore kwa chokaa pale chini mita 6 kwa 1.2 pamoja na zile tambarare. Mwiteni mwamini wenu wa kiti mwendo apite humo, ageuke, afungue mlango. Mkiwa na mwenye baiskeli ya matairi matatu naye apite. Wao ndio waseme chokaa isogee wapi.